Upepo, Kilindi na Vumbi: Historia ya Kuyatambua Masharti ya Daiatomu Baharini

Daiatomu ni mwani wa chembe moja unaojijengea gamba la silika, yaani madini yaleyale yanayofanya mchanga wa kutengenezea kioo, na ambao huelea katika maji ya juu ya bahari, hujishikiza kwenye miamba na nyasi za baharini, au huishi ndani na chini ya barafu ya ncha za dunia. Nyingi kati yake hazionekani kwa macho matupu, lakini zikijumlishwa hufanya takriban moja ya tano ya usanisinuru wote wa dunia, yaani ile kazi ya mimea ya kutumia mwanga wa jua kugeuza maji na kaboni dioksidi kuwa chakula na oksijeni. Hata hivyo hazikuenea sawasawa baharini, kwani kuna maji ambayo kwa majuma machache huwa mazito kwa daiatomu hata yakabadilika rangi, na kuna maji mengine, safi na ya buluu ya kupendeza, ambamo wavu huweza kukokotwa kwa saa nzima ukatoka na kiasi kidogo mno. Swali la kwa nini ziko hapa na haziko pale liliwachukua wataalamu wa bahari zaidi ya karne moja kulijibu, na historia ya jibu hilo ni historia ya watu walioanza kwa kuutazama uso wa maji, kisha wakalazimika kutazama chini kilindini, na mwisho wakalazimika kutazama juu angani.

Sharti la kwanza limo katika umbile la daiatomu yenyewe. Gamba lake lina vipande viwili vinavyoingiliana kama kasha na kifuniko chake, na chembe inapojigawa, kila mtoto huondoka na kipande kimoja, hukifanya kuwa kifuniko, na kujijengea kipande kipya cha kukaa ndani ya kile cha zamani. Ndiyo maana mtoto aliyerithi kipande kidogo huwa mdogo kuliko mzazi wake, na kizazi baada ya kizazi ukubwa wa wastani hupungua, jambo lililoelezwa na Macdonald na Pfitzer mwaka 1869, mpaka chembe zifikie udogo ambao huzilazimu kuzaana kwa njia ya jinsia, zivue magamba na kuanza upya zikiwa kubwa. Jina lenyewe latokana na Kigiriki na lina maana ya kitu kilichokatwa katikati, nalo liliingia katika elimu ya mimea mwaka 1805 kupitia kwa de Candolle. Hoja iliyofichika katika umbile hili ni kwamba kila kugawanyika kunadai silika mpya iliyoyeyuka majini. Mwani mwingine huweza kuongezeka bila silika hata kidogo, ilhali daiatomu isipoipata haiwezi kukifunga kipande cha pili cha nyumba yake. Wanasayansi wa mwanzo hawakuliona hilo, kwa sababu walivutiwa zaidi na uzuri wa gamba kuliko gharama ya kulijenga.

Uzuri huo ulizaa biashara kamili katika karne ya 19. Mistari na vitundu vya gamba la daiatomu ni laini na hufuatana kwa mpangilio usiobadilika, kwa hiyo mafundi wa hadubini walizitumia kupimia ubora wa lenzi zao: lenzi iliyoshindwa kuionyesha mistari ya aina fulani ilihesabiwa kuwa duni. Huko Wedel, kaskazini mwa Ujerumani, Johann Diedrich Möller alijipatia riziki na sifa kwa kuzipanga daiatomu moja moja juu ya vioo, na kazi yake kubwa kuliko zote ilikusanya magamba 4,026 katika eneo la mraba lisilotosha hata ukucha wa kidole. Mtu hawezi kuitazama kazi ya namna hiyo bila kuistaajabia subira ya mkono wa binadamu. Lakini katika safu hizo gamba la bahari ya barafu lilikaa kando ya gamba la ghuba ya joto, likiwa limetengwa na maji yake, msimu wake na majirani zake, na swali la mazingira halikuwa na pa kuingilia.

Swali hilo lilianza kuulizwa na watu wa melini. Joseph Hooker, mtaalamu wa mimea aliyesafiri katika meli ya Erebus kati ya 1839 na 1843 chini ya nahodha James Clark Ross, aliona barafu ya bahari ya kusini ikiwa na madoa ya kahawia, na alipoiyeyusha na kuitazama kwa hadubini alikuta doa hilo ni daiatomu zisizohesabika. Sampuli zake zilipelekwa Berlin kwa Christian Gottfried Ehrenberg, ambaye wakati huo hakuwa na mpinzani katika elimu ya viumbe vidogo, ingawa aliziweka daiatomu katika kundi la wanyama. Hooker alishikilia kuwa ni mimea, na akafikia wazo ambalo bado ni msingi wa elimu ya bahari: kwamba katika maji yale yasiyo na misitu wala nyasi, daiatomu ndizo zinazoshika nafasi ya majani ya nchi kavu, na kwamba wanyama wote wa huko, hata wale wakubwa kabisa, hatimaye wanazitegemea. Miaka thelathini baadaye safari ya meli ya Challenger, iliyoizunguka dunia kati ya 1872 na 1876, ilizoa mashapo ya sakafu ya bahari na kukuta mkanda mpana wa tope jeupe kuizunguka Antaktika, tope lililofanywa kwa magamba ya daiatomu zilizokufa na kuzama. John Murray, mmoja wa wanasayansi wa meli hiyo, aliuchora mkanda huo katika ramani iliyotolewa mwaka 1891 katika kitabu alichoandika pamoja na Renard. Ramani hiyo ilionyesha bila shaka yoyote kwamba daiatomu hupendelea maji ya baridi, lakini haikueleza kwa nini, na ni rahisi kuona jinsi wasomaji wake walivyodhani kuwa baridi yenyewe ndiyo sababu.

Dhana hiyo ilikuwa kinyume cha mambo yote yaliyojulikana kuhusu nchi kavu, ambako joto na jua vya tropiki huzaa misitu minene. Victor Hensen wa Kiel, aliyelibuni neno planktoni mwaka 1887 kwa ajili ya viumbe vyote vinavyochukuliwa na maji bila nguvu ya kwenda vitakako, aliamua kuhesabu badala ya kukisia. Alitengeneza nyavu za kitambaa cha hariri ambazo kiasi cha maji yaliyopita ndani yake kiliweza kukadiriwa, akaondoka mwaka 1889 kwa meli iliyoitwa National, akakata Bahari ya Atlantiki kutoka maji ya kaskazini hadi ya ikweta. Hesabu zake ziliwashangaza wengi, kwani bahari ya tropiki ilikuwa maskini na bahari ya baridi ilikuwa tajiri. Mwenzake Karl Brandt alijaribu kueleza kwa kuichukua kanuni ya wakulima, isemayo kuwa mazao huwekewa mpaka na kirutubisho kilicho haba kuliko vyote, akadai kwamba bakteria wa maji ya joto huiharibu naitrojeni ambayo mwani huihitaji. Alikosea kuhusu bakteria, lakini aliliweka swali mahali pake, kwa sababu tangu hapo halikuwa tena swali la joto bali la chakula, na chakula cha mwani ni nitrati, fosfati na, kwa daiatomu pekee miongoni mwa mwani wa kawaida wa bahari ya wazi, silika nyingi.

Hapo ndipo Bahari ya Hindi ilipoingia katika habari hii, na inafaa kukaa nayo kidogo. Meli ya Valdivia iliondoka Hamburg mwaka 1898 chini ya uongozi wa Carl Chun, ikashuka hadi kwenye barafu ya kusini, ikaikata Bahari ya Hindi mpaka Sumatra na Ceylon, kisha ikarudi magharibi kwa kupitia Ushelisheli hadi Dar es Salaam na Unguja kabla ya kuelekea Aden, mwanzoni mwa 1899. Mtaalamu wake wa mimea alikuwa Andreas Schimper, mtu aliyekwisha kuandika kitabu mashuhuri kuhusu jinsi mimea ya nchi kavu inavyofuata mvua na joto, na ambaye sasa alitaka kuijua jiografia ya mimea ya bahari kwa njia ileile. Malaria aliyoipata Kamerun katika safari hiyo ilimwachia miaka michache tu, akafariki 1901, na sampuli zake zikaangukia mikononi mwa George Karsten, aliyezichambua na kutoa kitabu cha planktoni mimea ya Bahari ya Hindi mwaka 1907.

Jambo kubwa la Valdivia lilikuwa wavu wa kufungwa, yaani wavu uliozamishwa ukiwa umefumba, ukafunguliwa kwenye kina kilichotakiwa, ukavutwa kidogo, kisha ukafungwa tena kabla ya kupandishwa, hivi kwamba maji ya juu hayakuchanganyika na maji ya chini. Kwa wavu huo Schimper na Karsten waligundua kuwa maji ya tropiki yaliyoonekana matupu juu yalikuwa na wakazi wake chini. Kulikuwa na kundi la daiatomu waliloliita mimea ya kivuli, zilizoishi chini ya tabaka linalopigwa na jua kali, pale mwanga unapokuwa hafifu wa buluu. Mojawapo ni Planktoniella sol, ambayo jina lake la pili kwa Kilatini ni jua, na anayeitazama kwa hadubini huelewa mara moja kwa nini: ni kisahani cha mviringo chenye vitundu vilivyopangika, kikizungukwa na ubawa mwembamba, mpana na wenye mistari inayotoka katikati kama miali. Ubawa huo huisaidia isizame haraka, jambo la uhai na kifo kwa chembe inayotaka kubaki kwenye tabaka jembamba ambapo mwanga bado unafika kutoka juu na virutubisho vinaanza kupatikana kutoka chini. Katika kiumbe hicho kimoja masharti mawili makuu ya daiatomu yanaonekana yakivutana: mwanga uko juu, chakula kiko chini, na anayeishi baharini lazima apate njia ya kuvikutanisha.

Namna vinavyokutanishwa ilieleweka polepole katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na kazi hiyo ilifanyika zaidi katika maabara ndogo za pwani kuliko katika safari kubwa. Huko Plymouth, Uingereza, Allen na Nelson walifaulu kuzikuza daiatomu ndani ya chupa, na mwaka 1914 Allen alitoa habari ambayo haikupewa uzito unaostahili kwa miaka mingi: maji ya bahari ya kutengeneza, yenye chumvi zote zilizojulikana, hayakutosha kuikuza daiatomu vizuri mpaka yatiwe kiasi kidogo cha maji halisi ya bahari, pungufu ya sehemu moja katika mia. Kulikuwa na kitu ndani ya maji halisi, kichache mno kwa vipimo vya wakati ule, ambacho daiatomu ilikihitaji. Katika miaka ya 1920 Atkins na Harvey, wa maabara hiyohiyo, walianza kuipima fosfati, nitrati na silika ya mlango wa bahari wa Uingereza mwezi kwa mwezi, wakaona jinsi zinavyojaa wakati wa baridi na kuporomoka majira ya kuchipua, wakati uleule daiatomu zinapozidi. Silika haikupungua kwa bahati. Ilikuwa imehamia ndani ya magamba, na magamba yalipozama ilikwenda nayo kilindini.

Lakini chakula kikiwa kimejaa baridi nzima, kwa nini daiatomu zisizidi wakati huo? Haaken Hasberg Gran wa Norwei na mwenzake Trygve Braarud walilijibu swali hilo mwaka 1935, na Harald Sverdrup akalipa jibu hilo sura ya hesabu mwaka 1953, akitumia vipimo vya meli ya hali ya hewa iliyokaa katika Bahari ya Norwei kwenye latitudo 66 kaskazini. Maji yanapokorogwa na dhoruba hadi kina kirefu, chembe ya daiatomu hupandishwa na kushushwa pamoja nayo, na hutumia muda mwingi gizani kuliko kwenye mwanga, hivi kwamba kile inachokizalisha juu hukitumia chote kwa kupumua chini. Jua la majira ya kuchipua linapoyapasha moto maji ya juu, tabaka jepesi hujitenga na maji mazito ya baridi, mkorogo hukoma kwenye kina kifupi, na chembe zilizo katika tabaka hilo hubaki kwenye mwanga. Mkorogo, kwa hiyo, ni mlishaji na ni adui, kwani bila huo virutubisho havipandi, na ukizidi mwanga hautoshi. Hesabu ya Sverdrup imepingwa sana tangu 2010, hasa na Michael Behrenfeld, aliyeonyesha kuwa ongezeko huweza kuanza katikati ya baridi, wakati mkorogo unapowatawanya wanyama wanaozila daiatomu, na pingamizi hilo lina uzito wake. Hata hivyo halikuliondoa wazo la msingi kwamba mwenendo wa maji kwenda juu na chini ndio unaoamua. Ramon Margalef, Mkatalani mwenye jicho la mtu aliyekaa baharini muda mrefu, aliandika mwaka 1978 kwamba maji yaliyokorogeka na yenye lishe huwa ya daiatomu, zinazokua upesi na kuzama upesi kwa uzito wa magamba yake, na maji yaliyotulia na yenye njaa huwa ya viumbe vyenye mijeledi vinavyoweza kuogelea kufuata riziki.

Kinachoyakoroga maji ni upepo zaidi ya kitu kingine chochote, na hapana bahari inayolionyesha hilo waziwazi kama Bahari ya Hindi ya magharibi, ambako upepo wenyewe hugeuka mara mbili kwa mwaka. John Murray, yule wa Challenger, alikuwa amejipatia utajiri kutokana na fosfati ya Kisiwa cha Christmas, ambayo aliitambua kwa kupima kipande cha mwamba, na baada ya kufa kwake mwaka 1914 sehemu ya mali hiyo iligharimia safari ya utafiti iliyopewa jina lake. Mwaka 1933 meli ya Kimisri iitwayo Mabahiss iliondoka Aleksandria chini ya Seymour Sewell, ikiwa na wanasayansi wa Kimisri Abdel Fattah Mohamed na Hussein Faouzi pamoja na wenzao wa Kiingereza, ikapima Bahari ya Arabuni hadi maji ya Unguja, na kukuta katika kilindi cha Bahari ya Arabuni tabaka nene karibu lisilo na oksijeni yoyote. Tabaka hilo lilikuwa ushahidi usio wa moja kwa moja, kwani oksijeni humalizwa pale mabaki mengi ya viumbe yanapozama na kuoza, na mabaki mengi maana yake ni uzalishaji mkubwa juu. Kilichoulisha uzalishaji huo kilipimwa wakati wa Safari ya Kimataifa ya Bahari ya Hindi ya 1959 hadi 1965, hasa mwaka 1964, meli za Discovery na Argo zilipothubutu kufanya kazi karibu na pwani ya Somalia wakati upepo wa kusi umepamba moto. Walikuta mkondo wa Somalia ukienda kaskazini kwa kasi kubwa, na karibu na Ras Hafun walikuta maji ya juu yakiwa chini ya nyuzijoto 20, ilhali bahari hiyo wakati mwingine wa mwaka huwa na joto linalokaribia nyuzi 30. Maji hayo baridi yalikuwa yametoka kilindini yakiwa yamesheheni nitrati na silika, na daiatomu huongezeka humo kwa wingi.

Kabla ya kuifuata kusi hadi Unguja, sharti jingine lazima lielezwe, kwa kuwa ramani ya virutubisho ilikuwa na doa lisiloelezeka. Katika bahari ya kusini iliyomshangaza Hooker, katika Pasifiki ya ikweta na katika Pasifiki ya kaskazini, maji ya juu yana nitrati nyingi mwaka mzima na bado daiatomu ni chache kuliko inavyotarajiwa. Gran alikwisha kukisia mwaka 1931 kwamba kinachokosekana ni chuma, na kile kitu kisichojulikana ndani ya chupa za Allen kilielekea njia hiyohiyo, lakini kila aliyejaribu kukipima chuma cha baharini alipata kiasi kikubwa cha kutosha. Sababu yake ni ya kusikitisha na rahisi: meli zilikuwa za chuma, kamba za chombo zilikuwa za chuma, na kutu ya chombo ilidondoka ndani ya sampuli. John Martin wa Moss Landing, California, na wenzake walijifunza kuchota maji kwa vyombo vya plastiki vilivyooshwa kwa asidi na kamba zisizo za chuma, na mwaka 1988 wakaonyesha kuwa maji halisi ya Pasifiki ya kaskazini yana chuma kidogo mno, na kwamba kutia tone lake kwenye chupa kunaziamsha daiatomu. Martin alifariki mwaka 1993, miezi michache kabla ya wenzake kumwaga chuma kilichoyeyushwa katika Pasifiki karibu na visiwa vya Galápagos. Walipoirudia kazi hiyo mwaka 1995 maji ya buluu yaligeuka kijani, klorofili, yaani rangi ya kijani ya mimea, ikapanda zaidi ya mara 20, na waliokuwa wameongezeka hasa walikuwa daiatomu.

Katika bahari iliyo mbali na mito, chuma kingi hutoka angani, kikiletwa na vumbi la majangwa. Jambo hili linalirudisha nyuma jicho la mwanahistoria hadi Januari 1832, Charles Darwin alipokusanya vumbi laini la kahawia lililoanguka juu ya meli ya Beagle karibu na visiwa vya Cape Verde, kisha akampelekea Ehrenberg. Ehrenberg alikuta ndani ya vumbi hilo na mengine aliyotumiwa na Darwin maumbo 67 ya viumbe vidogo, karibu yote ya maji matamu na mawili tu ya bahari, nayo mengi yalikuwa na magamba ya silika. Daiatomu za maziwa yaliyokauka barani Afrika zilikuwa zikipeperushwa hadi Atlantiki, na pamoja nazo chuma ambacho kingewafaa ndugu zao walio hai baharini. Lakini katika karne ile vumbi hilo lilichukuliwa kuwa ajabu ya upepo tu. Wala chuma peke yake hakikutosha. Mwaka 2009 wanasayansi wa India na Ujerumani waliirutubisha sehemu ya bahari ya kusini katika jaribio lililoitwa LOHAFEX, ambalo jina lake limebeba neno la Kihindi la chuma, na mwani uliongezeka kidogo tu bila daiatomu kutawala, kwa sababu maji waliyoyachagua yalikuwa yamekwisha kupungukiwa na silika. Baada ya nitrati, mwanga, mkorogo na chuma, gamba lilidai tena kile lilichokidai tangu mwanzo.

Katika pwani ya Afrika Mashariki mambo haya yote yanasomeka kwa mpangilio ambao mabaharia walikwisha kuupa majina. Kusi, inayovuma takriban kuanzia Aprili hadi Oktoba, na kaskazi, inayovuma kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, zilijulikana kama saa ya biashara, ambapo majahazi yalishuka na kaskazi kutoka Arabuni na Ghuba na kurejea na kusi. Katika miaka ya 1950 B. S. Newell, akifanya kazi katika shirika la utafiti wa uvuvi wa bahari la Afrika Mashariki lililokuwa na makao yake Unguja, alipima joto na chumvi ya maji ya pwani katika misimu hiyo na kutoa taarifa zake mwaka 1957 na 1959. Vipimo hivyo vilionyesha kwamba wakati wa kusi tabaka la juu lililokorogeka huwa nene na maji baridi yenye lishe huzama mbali chini, na wakati wa kaskazi tabaka hilo hupungua unene na maji hutulia na kupata joto.

Hapa kuna jambo linalostahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu kusi ni upepo mmoja na matokeo yake kwa daiatomu ni mawili yanayopingana. Dunia, kwa kuzunguka kwake, huyapinda maji yanayosukumwa na upepo: kaskazini ya ikweta maji huelekea kulia mwa upepo, na kusini ya ikweta huelekea kushoto. Pwani ya Somalia iko kushoto mwa kusi, kwa hiyo, ikiwa kaskazini ya ikweta, maji yake ya juu hupelekwa kulia, mbali na nchi, na maji ya kilindi hupanda kuziba nafasi. Pwani ya Mombasa, Tanga na Unguja nayo iko kushoto mwa kusi, lakini iko kusini ya ikweta, na maji yake hupelekwa kushoto, yaani hubanwa kwenye nchi na kushushwa chini, yakiyafunika yale yenye lishe. Ikweta inapita karibu na Kismayu, na kwa upande huu na ule wake upepo uleule huwalisha daiatomu au huwanyima. Kaskazi huugeuza mpango huu kwa kiasi, ikiyavuta maji ya pwani ya Kenya kuelekea baharini, na ndipo inapokutana mikondo miwili kwenye mafungu ya bahari ya kaskazini mwa Kenya ambayo wavuvi wameyajua kwa muda mrefu. Huko Bahari ya Arabuni ya kaskazini kaskazi hufanya kazi nyingine tena, kwani hewa yake kavu huyapoza maji ya juu mpaka yanazama na kuyapandisha ya chini, na daiatomu za majira ya baridi za Oman zilitegemea hilo. Tangu mwanzo wa karne hii nafasi yake imechukuliwa mara kwa mara na Noctiluca ya kijani, kiumbe kinachozila daiatomu na kufuga mwani mwingine ndani yake, na wataalamu bado wanabishana kama chanzo ni upungufu wa oksijeni au kudhoofika kwa mkorogo kutokana na joto.

Kusini ya ikweta maji matulivu ya kaskazi yana mwenyeji wake pia. Utafiti wa Ian Bryceson katika maji ya Dar es Salaam, miaka ya 1970, uliichunguza Trichodesmium, bakteria wa kijani-buluu wanaojikusanya vifungu vifungu na kuelea kama vumbi la mbao juu ya maji ya joto, wenye uwezo wa kuitwaa naitrojeni moja kwa moja kutoka kwenye hewa iliyoyeyuka majini. Kwa kiumbe kama huyo ukosefu wa nitrati si kizuizi, na ndiyo sababu huzidi wakati ambapo daiatomu nyingi za maji ya wazi zina njaa. Karibu na nchi hali ni nyingine, kwani Rufiji, Tana na Sabaki humwaga wakati wa mvua maji yaliyobeba silika iliyoyeyuka kutoka kwenye miamba ya bara, na daiatomu za pwani huishi kwa riziki hiyo hata pale kilindi kinapokuwa kimefungwa.

Zipo hata hivyo daiatomu ambazo hukaa katika maji maskini ya wazi bila kungoja mto wala mpando wa kilindi. Mwaka 1901, katika makala ya Kidenmaki kuhusu planktoni ya Bahari ya Sham na Ghuba ya Aden, Johannes Schmidt alieleza bakteria mdogo wa kijani-buluu aliyempa jina Richelia intracellularis, anayeishi ndani ya daiatomu zenye umbo la fimbo ndefu. Ndani ya fimbo hiyo angavu huonekana mkufu mfupi wa chembe, na chembe ya mwisho wake ni ya mviringo na nene kuliko nyingine. Humo ndimo naitrojeni inamotwaliwa na kupewa mwenye nyumba. Katika maji ya kusini mashariki ya Madagaska, kisiwa ambacho Waswahili wa zamani walikiita Bukini, mwanzoni mwa mwaka hutokea wingi mkubwa wa mwani unaoonekana hata na setilaiti, na katika sampuli zilizochotwa humo daiatomu hizo, kila moja na mpangaji wake, zimepatikana zikielea katika maji ya joto ambayo karibu hayana nitrati kabisa.